Neno "Trudge" na Kilima cha Nyawera

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa Kiingereza mjini Bukavu, enzi za Zaire, tulipoitana Citoyen, yaani mwananchi, badala ya Bwana, prefe, mkuu wa shule, alinipa chaki mbili na onyo moja. "Citoyen, mu darasa hapana Kiswahili, hapana Kifaransa. Neno unalielezea na mikono ao na miguu. Ukitafsiri, inspekta atakurudisha kulima."

Ndivyo tulivyofundisha. Neno likiwa kuruka, uliruka. Likiwa kulia, ulilia mbele ya watoto wa watu. Mimi nililia vizuri.

Mwaka ulipokaribia kwisha alikuja inspekta, mzee wa abakosti ya kijivu, ile suti ya serikali isiyovaliwa tai. Bila sahihi yake nisingethibitishwa kazini. Akakaa nyuma, fiche ya somo langu magotini, yaani karatasi ambayo mwalimu hupangia saa yake. Neno la siku lilikuwa *trudge*.

Nikatembea polepole kutoka ubaoni hadi mlangoni.

"Mwalimu iko anatembea sawa bwana arusi," msichana mmoja akanong'ona. Darasa likacheka. Nikarudia, nikafanana na mgonjwa. Inspekta akaandika kitu.

Polepole peke yake haikutosha. Neno lile linataka uzito na uchovu, na mtu ambaye hata hivyo hasimami. Nikageukia dirisha. Kwenye matope ya barabara itokayo soko la Nyawera, wanawake walikuwa wanapanda na mizigo mgongoni, kamba zimekaza kwenye mapaji ya nyuso. Nikawaita wanafunzi waje waone.

"*Trudge*," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Hapo mwanamke wa tatu akainua uso. Alikuwa mama yangu, ametoka kwetu Kavumu na maharagwe yangu ya mwezi. Mgongo ule ndio ulionisomesha.

"Mwanangu, ni weye?" akaita.

Inspekta alikuwa amesimama nyuma yangu. Ningeweza kunyamaza.

"Ni miye, mama. Panda polepole, kunateleza."

Inspekta akafunga kalamu yake. "Citoyen, umesema Kiswahili mu darasa."

"Ndiyo, Citoyen Inspekta."

Ripoti ilifika baada ya majuma mengi, nayo nimeitunza hadi leo. Imeandikwa: neno limeeleweka, mwalimu alitumia Kiswahili mara moja, kwa mama yake, athibitishwe.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu yanalijua neno lile bila kufundishwa. Nikipanda kutoka Nyawera, wanafunzi wangu wa zamani, nao wana mvi, hunishika mkono: "Papa Mwalimu, pumzika kwanza." Napumzika, na ninamkumbuka mama siku ile. Alifika hadi mlango wa darasa, akatua mzigo, akapangusa matope miguuni kwa majani. Kisha akanitazama, nimejaa chaki na jasho.

"Mwanangu," akasema, "hii kazi haiko nzito sana kwako?"