Sahihi Mia Moja na Arobaini na Mbili Dhidi ya Vyura

Kuna watu Stockholm hii ambao mpaka leo tukikutana kwenye treni ya buluu, kabla hata ya salamu, wananiuliza, "Katibu, safari ni lini?" kisha wanacheka mpaka Waswidi waliokaa karibu wanainua macho kutoka kwenye magazeti yao (na kumfanya Mswidi ainue macho ndani ya treni si kazi ndogo). Nami nacheka nao. Nimeshajua kwamba aibu ukiikimbia inakufuata mpaka kituo cha mwisho, na kituo cha mwisho cha treni yetu ni Akalla, ambako ndiko mambo yote yalikoanzia.

Miaka ile tulikuwa tunakaa Hallonbergen, na mimi nilikuwa katibu wa kanisa letu la Warundi, Wakongo na Wanyarwanda, lililokuwa likikodi ukumbi Akalla kila Jumapili. Kazi ya ukatibu ilinikaa vizuri. Tangu kambini Kigoma nilikuwa ndiye mwandishi wa ubao wa habari, mtu wa tarehe, majina na mafaili, na nilijisifu kwamba hakuna jambo linalopita mbele yangu bila kulisoma. Likumbukeni hilo, maana ndilo litakalonivua nguo.

Sasa kulikuwa na bustani moja ya burudani nje kidogo ya mji (jina silitaji, haikunikosea kitu), yenye bembea, magari ya kugongana, na kitu walichokiita Pango la Dubu. Unakaa kwenye kigari cha reli, unaingia gizani polepole, na humo ndani wamo dubu wa mbao wanaovua samaki, wanaopika uji, wanaopiga fidla. Dubu wenyewe walikuwa wazee, mmoja hana sikio, mwingine mkono unakwama katikati ya salamu. Kiangazi chetu cha kwanza Uswidi, manispaa ilitupeleka pale sisi wageni wapya kwa basi. Mke wangu, Mama Aline, alikuwa hajacheka tangu tuondoke nyumbani, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi, nilikuwa nafuatilia. Tulipofika kwa yule dubu wa mkono uliokwama, akacheka. Alicheka mpaka kigari kikatoka nje na mtu wa tiketi akatuuliza kama tunataka kurudia. Tulirudia mara nne.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba miaka michache baadaye, nilipopata kompyuta na kugundua kwamba kuna ukumbi mtandaoni ambako wapenzi wa bustani ile wanajadiliana kila siku, nilijiunga jioni hiyohiyo. Nilikuwa Mrundi peke yangu kati yao, na nilikuwa nawaletea taarifa: foleni ina urefu gani, rangi imebanduka wapi, dubu gani kapoteza nini tangu mwaka jana. Rafiki yangu mkubwa humo alikuwa Lennart, dereva wa basi mstaafu, mtu wa maneno machache anayeandika sentensi kana kwamba anailipia.

Ndipo ikaja habari kwamba bustani inapanuliwa, na kwamba sehemu mpya itajengwa juu ya Pango la Dubu na itakuwa ya vyura. Si vyura wa kawaida. Ni wale wa filamu za katuni kutoka Marekani, vyura wanaoendesha vyombo vya angani, ambao wakati ule walikuwa kwenye fulana, vikombe na mashuka ya kila mtoto, mwanangu akiwemo. Mtandaoni pakachafuka. Wengine, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Pernilla, walisema bustani bila filamu kubwa itakufa. "Watoto wa leo hawamjui dubu wako," aliniandikia. "Wanamjua chura."

Nilimjibu kwa kurasa tatu. Nakumbuka niliandika kwamba bustani inayokodi hadithi ya nje ni kama mtu anayetundika sebuleni picha za ukoo wa jirani, wageni watazisifu, lakini siku jirani akizitaka picha zake, wewe utabaki na misumari. (Nilijipongeza kwa sentensi hiyo wiki nzima. Mama Aline aliisikia mara nyingi hivi kwamba aliacha kusikiliza jambo lolote lililoanza na neno dubu.)

Uongozi wa bustani ukatangaza kwamba utasikiliza wapenzi wake Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kabla ya kufungua msimu, na kwamba atakayekuja na sahihi za watu atapewa nafasi ya kusema. Lennart akatengeneza karatasi. Juu aliweka picha ya chura wa filamu aliyepigwa mstari mwekundu, katikati maelezo kwa Kiswidi, chini mahali na saa ya mkutano, kisha mistari ya majina. Kwa wiki mbili alipata sahihi thelathini na moja, kwa sababu Mswidi hasaini kitu kabla hajakisoma mbele na nyuma na kuuliza maswali mawili. Nikamwambia, Lennart, niachie mimi.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo. Jumapili nilitoa nakala kwenye mashine ya ukumbini, mashine kongwe isiyojua rangi, na ule mstari mwekundu ukafifia ukatoweka, akabaki chura anatabasamu. Niliona. Nikasema si neno, maelezo yapo. Nilikusudia kusimama wakati wa matangazo nieleze, lakini mahubiri yalikuwa marefu na watoto wameanza kulia njaa, basi nikaiachia tu karatasi kwenye safu ya mbele ipite yenyewe. Nani asiyejua karatasi inayopita kanisani kwetu ni karatasi ya nini? Ni ya safari, au ya nani ataleta chakula gani. Haisomwi, unaandika jina unampa jirani. Miaka saba nilikuwa nimepitisha karatasi za namna hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, na siku hiyo nikasahau.

Ilirudi na majina mia moja na arobaini na mawili. Nilihesabu mara mbili, nikiwa nimesimama mlangoni, machozi yananilenga. Nilihesabu, sikusoma. Kesho yake nikamkabidhi Lennart kwenye jukwaa la treni, naye akanipa mkono kama waziri. Katikati ya wiki alinipigia simu niko kazini, mashine ya kuosha sakafu inanguruma, akaniuliza kwa nini pembeni ya jina la mama mmoja pameandikwa "sombe". Nikamjibu haraka kwamba lazima ni jina la ukoo. Wiki yote hiyo watu wakikutana nami dukani wananiambia, "Katibu, Jumamosi tupo," na mimi moyoni nasema, tazama watu hawa walivyo na mapenzi na dubu.

Jumamosi niliondoka mapema na suti yangu ya harusi. Mama Aline alikuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee, akaniambia binti yetu Aline atakuja na Mama Furaha, nikajibu sawa bila kuuliza atakuja wapi. Kwenye ukumbi wa bustani kulikuwa na kahawa, mikate ya mdalasini, wapenzi kama thelathini, na mkurugenzi, mama mpole mwenye miwani. Lennart aliniachia mimi nisome. Nikasimama. Nilikuwa nimefika kwenye maneno, "Watu mia moja na arobaini na wawili wa mitaa yetu ya Järva wanasema hapana kwa vyura," mlinzi alipofungua mlango na kusema samahani, kuna watu wengi sana langoni, wamekuja na masufuria, wanasema wako na katibu.

Mkurugenzi alifurahi. Alidhani ni waandamanaji wangu. Akasema wawakilishi waingie, na nyuma ya mlinzi akaingia Mama Furaha, Mkongo, kiongozi wa kwaya, kitenge kipya kabisa, sufuria ya sombe, yaani kisamvu, imefungwa kwa taulo, na nyuma yake watoto kumi na kitu. Wote walivaa vyura. Fulana za vyura, kofia za vyura, na mmoja masikio ya plastiki ambayo chura hana.

"Katibu, tuko bote," alisema Mama Furaha. "Basi ya pili inafika sasa hivi. Hao bachura wako wapi?"

Mkurugenzi akaniomba nimtafsirie swali lake: je, mama huyu angependa kueleza mwenyewe kwa nini hawataki vyura? Nawaambia ukweli, nilifikiria kudanganya. Lugha mbili zilikuwa mikononi mwangu na hakuna mwingine mle aliyekuwa nazo zote, ningeweza kumuuliza Mama Furaha habari za safari na kumjibu mkurugenzi lolote nililotaka, na Pango la Dubu pengine lingepona. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, kutoka katikati ya watoto ikatoka sauti ninayoijua, kwa Kiswidi safi kuliko changu.

"Sisi tunawataka," alisema Aline. "Pappa, si ndiyo maana umetuleta?"

Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amevaa fulana ya chura niliyomnunulia mimi mwenyewe.

Pernilla aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Lennart akavua miwani, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Jaha," alisema, neno ambalo Waswidi hulitumia pale ambapo sisi tungehitaji kikao cha familia. Nami nikasimama pale na hotuba mkononi, nikamweleza mkurugenzi yote, mashine ya nakala, mahubiri marefu, na desturi ya karatasi kanisani, na kwamba sahihi zile hazina thamani, ni thelathini na moja tu ndizo za kweli. Suti ilikuwa imenilowa mgongoni.

Vyura hawakuwepo, bila shaka. Walikuwa bado kwenye michoro ukutani. Watoto walipoelewa hilo walilia, na akina baba waliotoka Hjulsta kwa mabasi matatu walinitazama kwa namna ambayo siisahau. Nadhani ni huruma iliyomfanya mkurugenzi aulize mitambo gani imeshajaribiwa kwa msimu mpya. Ulikuwa mmoja tu. Mnaujua.

Basi kanisa karibu lote liliingia Pango la Dubu, watu wawili wawili kwenye kila kigari, Lennart akiwa amekaa na Mama Furaha, na sufuria ya sombe mapajani mwake Lennart kwa sababu mama alikataa kuiacha. Kwaya iliimba gizani. Watoto walitoka wakiwa wamenyamaza, wakarudi kwenye foleni, wakaingia tena. Sitadai kwamba walisahau vyura. Aline aliniambia ni kuzuri ila kunanuka stoo. Lennart alishuka, akanishika bega, akasema kitu kirefu kuliko vyote nilivyowahi kumsikia: "Sombe si jina la ukoo."

Msimu ule ulipoisha dubu waliondolewa. Hakuna aliyenilaumu waziwazi, lakini mtandaoni watu walikumbuka, na mimi niliacha kuandika taarifa kwa mwaka mzima. Tangu siku ile hakuna karatasi inayotoka mkononi mwangu kanisani kabla sijasimama na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, hata mchungaji akichoka, hata watoto wakilia njaa.

Vyura walipofunguliwa Aline alinikokota tukapanda, na mimi nikapiga yowe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba chombo kinageuka juu chini.

Mwaka jana Aline, sasa mtu mzima mwenye kazi yake, alikuja kwetu Jumapili na karatasi. Mkataba wa filamu umekwisha, wenyewe wanawachukua vyura wao, na vijana wanakusanya sahihi kuuzuia uongozi usibomoe. Nilitaka kumkumbusha ile sentensi yangu ya misumari. Nilikuwa nimeingoja miaka yote hiyo.

"Kwa nini unawataka kiasi hicho?" nilimuuliza badala yake.

"Pale ndipo ulipopiga yowe," akasema, na akaanza kucheka, na mama yake jikoni akacheka pia, cheko lilelile.

Nikavaa miwani. Nikaisoma karatasi mbele, nikaisoma nyuma, nikauliza maswali mawili. Kisha nikatia sahihi, na pembeni nikaandika: watu watatu, na sufuria moja ya sombe.