Mama Aliyeacha Ugali

Mama yetu, Rozina Akelo, alifariki mwezi wa tatu mwaka huu kwa homa ya mapafu. Mungu alimpa pumzi, na Mungu ameichukua. Kanisani waliomba mmoja wetu aandike habari za maisha yake, ndugu zangu wakanisukumia mimi. Wengi wanamkumbuka kwa kuimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kwa sato wa kukaanga aliouza pale sokoni Butimba. Mimi nitaeleza habari ya mguu wake, maana kati yetu wapo wenye kisukari wanaofanya kosa lilelile alilofanya yeye.

Alipokutwa na kisukari aliambiwa apunguze ugali. Kwetu Wajaluo, mtu akila samaki na mboga bila ugali, atakwambia hajala. Kwa hiyo Mama aliacha ugali wa sembe akahamia wa muhogo na mtama, ule mweusi wa kwao Rorya. Watu walimwambia huo hauna sukari, ni dawa. Na kwa kuwa ni dawa, alikula mwingi kuliko zamani. Soda aliacha, chai alikunywa bila sukari, vidonge alimeza. Lakini kila akipimwa sukari ilikuwa juu, akawa anasema mashine ya kliniki ni mbovu.

Kisha alichomwa na msumari sokoni, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kidonda kikakataa kupona. Daktari akamwambia wazi kwamba sukari isiposhuka kidonda kitapanda, na yeye atalazimika kuukata mguu.

Siku hiyo muuguzi wa kliniki, Wilhelmina, alimuuliza anakula nini. Mama akajibu kwa kujiamini kwamba anakula ugali wa muhogo tu.

"Nani amekwambia muhogo hauna sukari?"

"Kila mtu anajua, mwanangu."

"Basi mama, hao kila mtu tutaonana nao hapa. Ukifika tumboni, muhogo ni sukari. Mtama nao, viazi navyo, hata vikikaushwa vikawa michembe."

Mama akauliza, "Sasa nile nini, upepo?"

"Si unauza samaki? Kula samaki. Kula mayai, mchicha, ngogwe hizi nyanya chungu, parachichi, karanga kidogo. Lakini usibadilishe chakula ukaendelea na vidonge vilevile, sukari itashuka mno uanguke. Njoo kila wiki tupime, daktari atavipunguza mwenyewe."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kichwa kilimuuma, na harufu ya ugali ikitoka jikoni alitoka nje akaomba. Baba alimtania.

"Rozina, unaniacha na ugali peke yangu kama mgane."

"Kula, mzee. Ila nikikatwa mguu utanibeba wewe."

Sukari ilianza kushuka. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka pembeni wakati tulipoalikwa Magu, kwa wakwe wa dada yangu Ajwang. Hiyo ni desturi yetu: binti akishaolewa, mama yake na wanawake wa kwao huenda kulishwa huko alikoolewa. Na wenyeji hutazama sinia. Ugali wa wakwe ukibaki, maana yake mmewadharau.

Ajwang alimvuta Mama pembeni, karibu alie. "Mama, leo tu. Kula matonge mawili."

"Nikila leo, kesho nitaalikwa kwingine," Mama alisema. "Mwanangu, mguu haujui kwamba leo ni sherehe."

Chakula kikaja. Mama alichukua kipande cha sato na mboga, ugali hakuugusa. Mama mkwe wa Ajwang akasimama na birika la maji ya kunawa, akilitazama sinia. Bibi mmoja wa nyumba ile akasema kwa sauti, "Huyu mkwe wetu anakula samaki mtupu kama fisi maji."

Wanawake walicheka. Ajwang aliinamisha kichwa. Mama naye akacheka.

"Bibi, fisi maji ana miguu minne. Mimi ninayo miwili tu, na mmoja hospitali wanautaka."

Akavua kiatu, akafungua bandeji mbele yao. Kicheko kikakatika. Bibi alisogea, akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili, akautazama sana. Akasema marehemu mume wake alianzia hapohapo, chini ya kidole, wakamkata mara mbili na bado wakamzika. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Ondoa ugali mbele ya huyu. Mletee samaki mwingine."

Hakuna aliyetaja dharau tena. Ajwang yuko kwenye ndoa yake mpaka leo.

Kidonda kilifunga kabla ya mvua za masika. Kisukari hakikuisha, na Mama hakuwahi kusema kimeisha. Alikwenda kliniki mpaka mwaka aliofariki, na ugali hakuurudia, hata Krismasi. Kuna siku alilalamika kwamba amechoka na mayai. Tulimcheka, akala.

Alipofariki, sisi mabinti tulimwosha. Ajwang aliosha kichwa na mikono, mimi nikaosha miguu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu dogo gumu. Niliosha mmoja, nikauweka chini, nikaosha wa pili. Namshukuru Mungu.