Hodi Tatu kwa Bi Zena

Juzi arusini, Bi Zena alinipa halua kwa mkono wa kushoto. "Niwie radhi mwanangu," akasema, "huu wa kulia haukunjuki."

Nikaukumbuka mchana mmoja darasani, harufu ya chaki na jasho, na kalamu nyekundu ya mwalimu wetu, mtu wa bara, ikikwaruza insha yangu ya Kiingereza. Mtihani ulitaka tueleze siku tuliyolazimika kuamua haraka. Nami nilieleza ya wiki ile ile: moshi ulitoka jikoni kwa jirani yetu Bi Zena, nikapiga hodi mara tatu, sikuitikiwa, nikarudi nyumbani kama nilivyofunzwa.

"Nyumba inaungua, wewe unapiga hodi?" mwalimu aliuliza. "Ungeingia tu! Andika upya."

Nikaandika upya. Safari hii niliingia bila hodi, nikamwaga maji, na Bi Zena akatoka mzima. Nilipata thelathini na sita kwa arubaini, nikaamini kwamba mwalimu amenisahihishia na siku yenyewe.

Nilikimbia na karatasi hadi kwa Bi Zena. Kiingereza hakukijua. Alizitazama alama, akaniombea dua, kisha akanishika kichwa kwa mkono uliofungwa bendeji.