Yule ndege hajavunjika bawa

Jamani, leo nimepiga kelele mbele za watu. Mimi!

Tulikuwa Shiling, mji wa viwanda vya mikoba huku kwa Wachina, na dada Neema, mfanyabiashara wa Mbeya ninayemfungia mizigo. Yeye yuko kiwandani anachagua mikoba, mimi nasubiri nje.

Nyuma ya kiwanda kuna kiwanja chenye majimaji, nyasi na maua ya njano kibao.

Ghafla katokea ndege mdogo anaburuza bawa. Nikamfuata nimsaidie. Nikimkaribia, anasogea. Tumefika mbali, karuka zake, mzima kabisa!

Kumbe kanihadaa. Huyu ana mayai kule tulikotoka.

Nikarudi taratibu. Kweli, mayai matatu, yana madoa kama kokoto.

Na mzee wa kufyeka huyo anakuja na mashine yake.

Kichina sijui, zaidi ya "laoban", yaani bosi. Nikajikuta nimesimama mbele yake, mikono juu kama trafiki: "Laoban! Hapana! Mayai! Watoto!"

Kiwanda kizima madirishani. Dada Neema naye: "Heee! Miezi minane niko na wewe, kumbe una sauti?"

Aibu niliyoona, mniache tu.

Mzee kazima mashine, kachungulia. Halafu kanyooshea kidole solotepu yangu ya mizigo. Nikampa. Akachomeka vijiti vinne, akazungushia. Kafyeka kiwanja chote, kaacha kaduara ka nyasi na maua yake.

Tunaondoka, ndege kesharudi, kalalia.

Dada Neema kasema Jumamosi tunarudi Shiling. Nikamuuliza tunafuata nini, mikoba si tumemaliza?

"Kuwajulia hali wanao."