Mianzo Aliyotutungia Kaka

Jumamosi jioni televisheni ya nyanya, kule Rangwe, ilikuwa bado imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyethubutu kukigusa kabla Sabato haijaisha. Sabato iliisha jua likitua, na jua halikutua mpaka nyanya aseme limetua. Alikaa barazani kwenye kigoda, uso magharibi, kimya kama mlinzi wa benki. Sisi wajukuu tulikaa roho juu.

Maana kipindi chetu kilianza mapema kuliko hapo. Kilikuwa cha zamani hata wakati ule, cha daktari mwenye boti aliyezunguka visiwa vya minazi akipambana na maharamia. Tulipofunua kitambaa na kuunganisha betri ya gari, daktari alishafungwa kamba. Kafungwa na nani? Kwa kosa gani? Hatukuuona mwanzo hata siku moja. Mimi, niliyezaliwa na hasira zangu, nililia kabisa.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetuokoa. Tukingoja barazani, alitutungia mwanzo. Boti ya daktari ilitia nanga Homa Bay kutafuta petroli. Akina mama wauza omena, dagaa wa ziwani, walimnong'oneza siri. Mkuu wa maharamia alikuwa na jino la dhahabu aliloiba Migori. Uongo mtupu, na mtamu ajabu! Alibadilisha sauti kwa kila mtu, hata injini ya boti ilikuwa na sauti yake.

Mwaka jana tulimzika kaka. Mwezi uliopita nikakikuta kipindi kile mtandaoni, kizima, na mianzo yake yote. Nilitoka Homa Bay mbio hadi kwa nyanya, nikaketi kando yake na simu mkononi. Ah! Daktari anakunywa chai. Analalamikia joto. Mtu anabisha hodi. Basi, ndio mwanzo wenyewe!

Nilizima kwa hasira. Nilitaka mianzo ya kaka, nayo haiko mtandaoni. Nikajaribu kumsimulia nyanya mwanzo mmoja tu, ule wa jino. Nilifika Migori nikakwama. Kilichofuata sikukikumbuka, na hapo niliogopa kwelikweli. Kama mimi nimesahau, nani amebaki nayo?

"Hakuliiba Migori," nyanya akasema kwa Kijaluo chake cha taratibu. "Alilipata Muhuru Bay, akabadilishana kwa gunia la omena. Halafu likaanza kumuuma kila akidanganya."

Akaendelea mpaka mwisho, sauti akizibadilisha vilevile, na injini akaiungurumisha. Nilicheka huku machozi yananitoka.

"Dana," nikamwambia nyanya, "kumbe ulikuwa unasikiliza? Si ulikuwa unalinda jua?"

"Jua lilikuwa limeshatua, nyakwara, mjukuu wangu," akasema. "Nilikuwa nangoja kaka yako amalize."