Sauti Chini ya Jiko

Redioni walimwita Bi Sikio, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti za ufukweni kwa ajili ya michezo ya redio: mawimbi yakipanda mchanga, kaa wakikwaruza mawe, ndege wakigombania samaki. Ungemwomba mvua juu ya bahari, angekuuliza mvua ya namna gani. Wenzake walimtania kwamba siku akiposwa atamwambia mchumba arudie, sauti haikuingia vizuri.

Ndugu aliyebaki naye ni mdogo wake wa kike, aliyeolewa na seremala. Nyumba yao ilikaa juu ya jabali, bahari ikipiga chini yake. Bi Sikio alipenda kunasa sauti pale kwa kuwa magari hayakufika. Aliteremsha kipaza sauti kwa waya nyuma ya jiko, kisha ndugu wawili wakanywa chai na kusengenya watu kwa kunong'ona, mashine isije ikawasikia.

Msimu mmoja alirudi studio, akavaa hedifoni, akakunja uso. Wimbi lilikuja, likapiga, lakini halikurudi. Lilikawia. Kisha kikasikika kitu kama mtu anayemeza tonge kubwa bila kutafuna. Akatafuta rekodi ya mwaka uliotangulia, mahali palepale. Humo wimbi lilipiga mwamba, likaenda zake.

Akadhani ni waya. Akaubadilisha, akaenda tena, akasikia yaleyale. Akadhani ni masikio yake, maana uzee haupigi hodi. Mwishowe akamvisha mdogo wake hedifoni, palepale jikoni.

Mdogo mtu alianza kwa kucheka. Kicheko kikakatika. Akainua miguu juu ya kigoda, kama aliyeona nyoka sakafuni.

"Dada, hicho ni nini?"

"Maji. Yanaingia chini yenu."

Seremala aliporudi walimweleza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Bi Sikio.

"Shemeji, nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Leo nihamishwe na waya?"

"Sikiliza kidogo tu, baba."

"Sisikilizi. Mdomo huumba. Jambo ukiliita, linaitika."

Ofisi ya mji, Bi Sikio alipoiarifu, iliahidi kutuma mtu, mtu hakuja. Mdogo wake akaanza kuhamishia nguo kwa Bi Sikio, leo kanga, kesho shuka, kama mwizi anayejiibia mwenyewe. Mumewe aliona, akaendelea na mbao zake.

Jiko liliondoka mchana kweupe, bahari ikiwa imetulia kama maji ya kwenye beseni. Seremala alikuwa uani akipiga randa mlango wa mteja. Hakusikia kishindo. Alisikia pumzi ndefu nyuma yake, akageuka, akaiona bahari mahali palipokuwa na ukuta. Alitoka mbio, randa mkononi. Kulipopambazuka, chumba cha kulala nacho kilikuwa kimekwenda.

Hakuumia mtu, na kila aliyekuja kutoa pole alishukuru kwa hilo. Lakini seremala, aliyehamia kwenye vyumba viwili vya shemeji yake, hakumsalimu mwenye nyumba. Alikuwa akisema, "Mwambie dada yako mlango wake unakwaruza, nitautengeneza," na Bi Sikio amekaa mbele yake.

"Ananiona mchawi?" alimuuliza mdogo wake walipokuwa wakifua.

Mdogo wake alikamua shuka, akalikamua tena ingawa lilikuwa halina maji. "Hajasema hivyo."

"Na wewe?"

"Mimi nilisikia, dada. Lakini najiuliza, kama tusingesikiliza, je?"

Bi Sikio alijifuta povu mikononi. Aliingia ndani, akachukua mashine yake, akaelekea kulekule jabalini. Sasa nyumba ya ukingoni ilikuwa ya muuza duka, mwenye watoto wanne na mama mgonjwa. Aliteremsha waya, akafumba macho. Wimbi likapiga. Likakawia. Likameza.

Akabisha hodi. Mapazia yalicheza, mlango haukufunguka.

"Nenda, mama," sauti ya muuza duka ilisema kutoka ndani. "Tafadhali. Kwangu usisikilize."

"Nimeshasikiliza, mwanangu."

Akauegemea mlango, akamwambia yote aliyoyasikia, neno kwa neno, bila kupunguza. Alipomaliza, aliliweka sikio mlangoni. Akasikia komeo la pili likisukumwa kuukaza mlango.