Gari Lisilo na Mngurumo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari. Nilifika kituo cha kilimo cha Naliendele nimevaa shati la kuazima, leseni mpya mfukoni, nikidhani nitakabidhiwa ufunguo. Mkuu wa Karakana, mzee mfupi mwenye sauti nzito, alinipeleka kwenye Landrova, akafungua boneti, akawasha injini na kuniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Nasikia injini, Mkuu."

"Injini hata kiziwi anaisikia. Nakuuliza inasema nini. Ukishajua, njoo uchukue ufunguo."

Nilisimama pale mpaka jua likapanda. Mwishowe nikaenda kumwambia kuna kitu kinagonga kidogo upande wa kushoto, kila injini inapotulia. Alicheka, akanirushia ufunguo. "Dereva huendesha kwa masikio," alisema. "Macho ni ya kuangalia mbuzi."

Ninyi vijana mnaofungua muziki mpaka vioo vinatetema mtayaona maneno hayo kuwa ya kizamani. Mimi yamenilisha hadi nikastaafu. Nozeli ikichoka, yaani kile kidude kinachonyunyiza dizeli ndani ya injini, nilikuwa naijua kwa sauti kabla moshi haujaanza kutoka. Beringi ya gurudumu ikianza kufa hulia, na kilio chake nilikijua hata wataalamu wa korosho wakibishana nyuma yangu kwa sauti za mkutano wa hadhara.

Magari yote ya kituo yalikuwa chini ya Bwana Shamba Mkuu. Alichukia upotevu wa dizeli kuliko alivyowachukia wadudu wa mikorosho. "Mteremko ni dizeli ya bure, Bakari," alikuwa akiniambia. "Usiutupe." Nasi madereva tulijua la kufanya. Ukifika juu ya kilima unatia nyutro, gia haishiki kitu, na gari linashuka kwa uzito wake huku injini ikipumua tu. Ni hatari, maana breki zinabaki peke yake, na mwalimu wa udereva wa leo akikuona atakunyang'anya usukani. Sisi tulijisifia. Mkono wangu ulizoea hata ukawa unakwenda kwenye gia bila kuniuliza.

Baadaye nilihamishiwa halmashauri, nikamwendesha Afisa Mipango aliyelala safari nzima na kuamka akilaumu barabara. Kituo changu cha mwisho kilikuwa Msimbati, kwenye visima vya gesi, chini ya Mhandisi wa Visima. Huyu alikuwa Mkristo kutoka Kilimanjaro, na Ramadhani zote nilizomwendesha hakuwahi kunywa maji mbele yangu ndani ya gari. Mara ya kwanza tulipozama mchangani alitaka tuite trekta. Nilishuka, nikapunguza upepo wa tairi ili zitambae, tukatoka. "Kumbe ni kutuliza kiburi cha tairi," akasema, na kuanzia hapo alikuwa akishuka kupunguza mwenyewe.

Nilipostaafu nikajenga hapo hapo Msimbati, nikanunua pikapu kuukuu ya dizeli. Ilinguruma, nami nikafurahi, maana dereva bila mngurumo hujiona kama amevuliwa nguo. Kisha mke wangu, Somoe, akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na sauti yake, iliyokuwa ikiniita kutoka shambani hadi barabarani, ikawa mnong'ono. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mjini alitueleza bila kuzunguka: "Mzee, akija kila wiki atatembea. Mkirukaruka, mguu utakakamaa, na ukishakakamaa sina la kufanya."

Tukarukaruka. Kumpandisha Somoe kwenye pikapu kulihitaji watu wawili na kiti. Kila shimo lilimtoa machozi. Wiki hii dizeli hakuna, wiki ijayo pampu imekufa. Bodaboda hawezi kukaa. Nilikuwa naona mguu ule unavyozidi kuwa mgumu, na moyo uliniuma, mimi niliyekuwa dereva maisha yangu yote nashindwa kumfikisha mke wangu hospitali.

Ndipo nikaiuza pikapu na kununua kigari cha umeme, mtumba, cha bei ya watu kama sisi. Binti yetu Zuhura, mwalimu kule Mikindani, alishika kiuno. "Baba, hiki ni simu yenye magurudumu! Siku kikiwalaza njiani na mama katika hali hii, utamweleza nani?" Majirani nao hawakunihurumia. Waliniuliza kama kikilia njaa nakipa vocha.

Nitasema haki yake, mabaya na mazuri. Landrova inakipita mbali kwenye mchanga, maana hiki kiko chini na tumbo linakwaruza; nisingejua kupunguza upepo nisingetoka uani. Betri yake imezeeka. Umeme ukikatika, nawe umekatika. Lakini hakina oili ya kubadilisha, hakina nozeli wala klachi, na chakula chake nakipata ukutani kwangu, kwa gharama ambayo kwenye pikapu ingenifikisha nusu ya njia tu. Na kiti chake kiko chini, usawa wa kiti cha nyumbani. Somoe anageuka, anakaa, ninamwinulia miguu, basi.

Kilichonitesa ni ukimya. Wiki za kwanza niliendesha kama kipofu, sijui gari linasema nini.

Siku moja tuliamka umeme umekatika tangu jioni, betri haijajaa. Zuhura akapiga simu kwamba tuahirishe. Somoe akatikisa kichwa. Tukaenda, akafanya mazoezi yake, tukageuza. Kabla ya kufika kijiji cha Madimba kioo cha dashibodi kikaanza kuniwakia taa, namba ya chaji imeporomoka, na nyumbani bado mbali. Nikajisemea kwamba maneno ya Zuhura yametimia. Tulipofika kwenye mteremko nikafanya kile nilichofundishwa: nikatia nyutro ili niokoe kidogo.

"Baba Zuhura."

Nilishtuka. Ilikuwa sauti ndogo, lakini niliisikia.

"Rudisha… gia."

"Nabana matumizi, mke wangu."

"Rudisha. Gia ikishika… namba inapanda. Ukitoa… haipandi. Naiangalia… kila safari."

Nikarudisha. Gari likajishika lenyewe, kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma, na namba ikapanda. Kidogo, lakini ikapanda. Baadaye fundi alinieleza. Ni kama dainamo ya taa ya baiskeli: gurudumu likiizungusha, inatoa umeme. Mteremkoni mota ya gari hili hugeuka dainamo, na kila nilipotia nyutro nilikuwa naikata. Bwana Shamba Mkuu alisema kweli kwamba mteremko usitupwe, ila kwa gari hili mimi ndiye nilikuwa nautupa. Kweli mazoea yana taabu.

Tulikwenda polepole, kila mteremko gia ikiwa mahali pake, Somoe akininong'oneza namba. Tuliingia uani taa ikiwaka, lakini tumeingia. Zuhura alikuwa amefika kutoka Mikindani, amesimama mlangoni, maneno yote ameyapanga. Alipomwona mama yake anacheka, akaingia jikoni kupika chai.

Nilipokuwa namshusha nikamuuliza Somoe kwa nini siku zote hakuniambia.

"Hili… nilikuwa nahakikisha. Mengine nilisema," akanijibu. "Kwenye pikapu. Nilisema mengi. Hukusikia."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nikisikiliza beringi na nozeli, naye yuko ubavuni mwangu anazungumza peke yake.

Hatujakosa wiki tangu siku hiyo. Sasa anatoka mlangoni hadi garini kwa fimbo yake mwenyewe, na mtaalamu anasema sauti nayo inarudi kwa kutumika. Basi inatumika. Wiki iliyopita alinilaumu kuanzia Msimbati mpaka mjini: nakwenda mbio, nakwenda polepole, nimesahau kuwafungia kuku, shati sikulipiga pasi. Nilizima redio, nikasikia kila neno.